Meli ya Kitalii Karibi kati ya Septemba na Desemba: Wiki Ipi, Upande Upi, Bandari Ipi

Kila mwaka ikifika Agosti, bei za meli za kitalii zinazotoka Miami, Port Canaveral, Galveston na Baltimore huanza kushuka. Chumba chenye roshani ambacho Julai familia nyingi hazikukigusa, sasa kinalipika. Makundi ya WhatsApp ya Watanzania, Wakenya na Wakongo walioko Marekani huchangamka: nani anakwenda, tuchukue vyumba vingapi, mama anakuja kutoka Dar, naye tumpeleke. Halafu mmoja anauliza: na vimbunga je?

Majibu huwa mawili. Kuna anayesema usithubutu, na kuna anayesema alikwenda Septemba na jua liliwaka wiki nzima. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, lakini hakuna aliyekusaidia kuchagua. Msimamo wangu ni kwamba kuanzia Septemba hadi Novemba unalipia meli, kisiwa ni bahati. Ikiwa furaha yako ni chakula kilichopikwa na mwingine, bwawa, muziki wa usiku na ndugu waliokusanyika mahali pamoja, bei ya majira haya ni nafuu ya kweli, ichukue. Lakini ikiwa moyo umeshikamana na ufuo fulani wa St. Maarten, au umeahidi kumfikisha mzazi Jamaika, usiiweke ahadi hiyo Septemba.

Hatari yenyewe ni ipi

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza 1 Juni na kuisha 30 Novemba. Kilele chake ni karibu na 10 Septemba, na dhoruba nyingi hutokea kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba. Kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020, msimu mmoja huwa na dhoruba 14 zinazopewa majina. Saba kati ya hizo hukua zikawa vimbunga kamili, na 3 hufikia Daraja la 3 au zaidi kati ya madaraja 5 ya vimbunga, yaani upepo wa kuanzia kilomita 178 kwa saa.

Wastani huo haukwambii wiki yako itakuwaje. Mwaka 2025 vimbunga vilikuwa 5 tu, na hakuna hata kimoja kilichotua Marekani bara. Aliyekaa Florida aliuona mwaka mtulivu. Lakini 28 Oktoba mwaka huohuo Melissa kilitua kusini-magharibi mwa Jamaika kikiwa Daraja la 5, upepo wake ukikaribia kilomita 298 kwa saa, na mji wa Black River ukaharibiwa vibaya. Nalitaja hili kwa sababu sisi tunaotafuta bei nzuri tunakwenda kwenye visiwa ambavyo watu wanaishi, na wao hawana meli ya kugeuza.

Abiria ana nafasi tofauti kabisa. Meli kubwa ya kisasa hukimbia karibu kilomita 40 kwa saa, ilhali kimbunga kikiwa bado ukanda wa joto mara nyingi husogea chini ya kilomita 30 kwa saa. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, hutoa taarifa mpya kila baada ya saa 6 dhoruba inapokuwa hai, pamoja na ramani inayoonyesha maeneo yanayoweza kuzaa dhoruba ndani ya siku 7. Nahodha anaisoma ramani hiyo na wataalamu wa hali ya hewa wa kampuni yake, na huibadili njia siku mbili tatu kabla. Kwa hiyo abiria hana sababu kubwa ya kuogopa kuzama. Kinachompata ni kupangiwa safari nyingine. Ulilipia St. Thomas na San Juan, unajikuta Cozumel. Au bandari moja inafutwa na unabaki na siku ya ziada ya maji matupu.

Mkataba wa tiketi unairuhusu kampuni kufanya hivyo. Bandari ikirukwa, kwa kawaida unachorudishiwa ni kodi na ada za bandari ile tu, tena mara nyingi kama salio la kutumia melini. Matembezi uliyonunua kupitia meli hurudishwa. Yale uliyolipia mwenyewe kwa mwenyeji wa kisiwani yanategemea masharti yake, basi muulize kabla hujamtumia pesa.

Kuna pia mawimbi. Kimbunga kilicho mbali kilomita mamia bado husukuma mawimbi marefu hadi ulipo, hata mbingu ikiwa ya buluu. Utajua bahari imebadilika pale wafanyakazi wanapofunika mabwawa kwa nyavu kwa sababu maji yanamwagika upande huu na ule, na mifuko ya karatasi inapochomekwa kwenye vishikio vya ngazi na karibu na lifti. Mtu anayepatwa na kichefuchefu baharini achukue chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini. Vyumba vya juu kabisa mbele vina mandhari nzuri, lakini ndivyo vinavyosukwasukwa zaidi.

Septemba na Oktoba: ramani inageuka

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanaihesabu miezi yote ya vimbunga kama kitu kimoja na Karibi yote kama mahali pamoja, wakati hatari huhama.

Vimbunga vingi vikubwa vya Septemba huanzia kwetu Afrika. Vurugu za hewa hutoka Afrika Magharibi, hupita karibu na visiwa vya Cape Verde, kisha hulishwa njia nzima na maji yenye joto la zaidi ya nyuzi 26. Zinapofika ng'ambo, visiwa vya mashariki ndivyo vya kwanza kukutana nazo. Irma kilipiga Barbuda na St. Martin 6 Septemba 2017. Siku 12 baadaye Maria kikaingia Dominica kikiwa Daraja la 5, na tarehe 20 kikawa Puerto Rico. Dorian kiliikumba Abaco, kule Bahamas, 1 Septemba 2019, halafu kikaganda juu ya Grand Bahama. Kwa sababu hiyo, ukilazimika kwenda Septemba, njia ya mashariki, yaani San Juan, St. Thomas na St. Maarten, na zile safari fupi za Bahamas ndizo ningeziacha kwanza. Njia ya magharibi, yaani Cozumel, Costa Maya, Roatán na Belize, haina kinga, ila mwezi huo haiko mlangoni.

Oktoba mambo hubadilika. Vurugu kutoka Afrika hupungua, na dhoruba nyingi hupata nguvu ndani ya Karibi yenyewe au Ghuba ya Meksiko, ambako maji bado yana joto la nyuzi 29 hivi, kisha hupanda kuelekea kaskazini. Wilma ya Oktoba 2005 ilishuka hadi shinikizo la milibari 882, la chini kabisa kuwahi kupimwa Atlantiki, na baadaye ikakaa juu ya Cozumel na Cancún kwa muda mrefu. Michael ya 2018, Milton ya 2024 na Melissa ya 2025 zote zilikuwa za Oktoba. Sasa njia ya magharibi ndiyo iliyo mlangoni, na ndiyo hasa inayouzwa kwa bei ya chini wakati huo. Kuanzia wiki ya tatu ya Oktoba, nikiwekewa tiketi mbili za bei sawa mezani, naichukua ya mashariki.

Magharibi ina udhaifu mwingine usiohitaji kimbunga. Grand Cayman haina gati la meli kubwa. Meli hutia nanga nje, na abiria husafirishwa hadi nchi kavu kwa mashua ndogo, mtu akishikwa mkono na mabaharia wawili anaporuka kutoka mlango wa pembeni. Wimbi likizidi kidogo tu, mashua haziwezi kusimama sawa na mlango, na bandari nzima inafutwa asubuhi hiyo hiyo. Belize City nayo hutumia mashua. Ukiwa na mzee mwenye magoti mabovu, hilo lifikirie hata Februari.

Kusini: Aruba, Bonaire na Curaçao

Visiwa hivi vitatu viko karibu na nyuzi 12 kaskazini mwa Ikweta, jirani kabisa na Venezuela, na vimbunga mara chache huvigusa moja kwa moja. Waliokulia pwani yetu hawatashangaa: ukikaribia Ikweta, dunia haiipi hewa msukumo wa kutosha kujizungusha. Ndiyo maana kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024 kilikuwa habari kubwa kwa Tanzania nzima. Kusini mwa Karibi nako mambo ni hayo hayo: ni nadra, lakini hutokea.

Usiwaamini wauzaji wanaoiweka Grenada kwenye kapu hilo. Ivan kiliiharibu vibaya Septemba 2004, na Beryl kikapita Carriacou, kisiwa chake cha kaskazini, 1 Julai 2024, kikiwa Daraja la 4. “Kusini” kwenye kipeperushi inaweza kumaanisha Barbados, St. Lucia na Grenada bila kugusa Aruba hata siku moja. Soma majina ya bandari moja moja.

Hasara ya kusini ni umbali. Kutoka Miami hadi Aruba ni kama kilomita 1,800, kwa hiyo utakaa baharini siku mbili kwenda na mbili kurudi, na safari zinazofika huko kwa kawaida ni za usiku 8 au zaidi. Kwa mwenye likizo ya wiki moja haitoshi. Mwenye muda atafurahi. Meli inafunga karibu na katikati ya Willemstad, na unaweza kusimama ukitazama daraja la Malkia Emma, lililojengwa 1888 juu ya maboya, likisukumwa na injini yake kujifungua pembeni ili chombo kipite, huku watu waliochelewa kushuka wakibebwa nalo. Kama Septemba ndiyo nafasi yako pekee na unataka kuviona visiwa kweli, njia hii ndiyo ninayoiamini.

Bandari ya kuondokea

Wengi hutazama kisiwa na kusahau kwamba bandari ya nyumbani nayo hufungwa. Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Marekani kikiifunga, meli hubaki baharini na wewe ndani yake. Wakati wa Harvey, Agosti 2017, meli za Galveston zilishindwa kurudi kwa wakati. Wakati wa Milton, Oktoba 2024, bandari ya Tampa ilifungwa. Ukiwa muuguzi mwenye zamu Jumatatu alfajiri, au dereva wa lori mwenye mzigo unaomsubiri, hilo lina uzito kuliko kukosa ufuo. Omba siku mbili za ziada kazini kabla hujalipa.

Miami na Fort Lauderdale ndizo ninazozipendelea kwa majira haya, kwa sababu moja: nahodha anayetoka hapo anaweza kwenda mashariki, magharibi au Bahamas kutegemea dhoruba iko wapi. Galveston haimpi uhuru huo. Safari ya usiku 7 kutoka Texas kwa kawaida ni ya magharibi, na magharibi ikifungwa hakuna pengine pa kwenda kwa muda huo. Faida yake ni kwamba watu wa Houston na Dallas huendesha gari hadi bandarini bila tiketi za ndege. Faida hiyo huyeyuka siku meli inapolazimika kushusha abiria mji mwingine, na gari liko Galveston.

Baltimore inawavutia ndugu zetu wa Maryland na Virginia kwa sababu hiyo hiyo. Lakini meli ya Baltimore lazima ipite Cape Hatteras, Carolina Kaskazini, mahali penye sifa mbaya kwa mabaharia tangu zamani, na dhoruba zinazokata kona kuelekea kaskazini hupenda kupita njia hiyo. Tena ukitoka huko Novemba, unatumia siku nzima au zaidi umevaa sweta kabla hujaonja joto. Bayonne, New Jersey, ni vilevile.

Abiria hushangaa pia kwa nini meli husimama Nassau kwa saa chache hata mvua ikinyesha, badala ya kurudi moja kwa moja. Sheria ya Marekani ya 1886 inaibana meli yenye bendera ya kigeni inayobeba abiria kutoka bandari ya Marekani na kurudi: kwa kawaida lazima iguse nchi nyingine. Meli nyingi za kitalii zina bendera ya Bahamas, Panama au Malta, kwa hiyo nahodha anapokwepa kimbunga anatafuta pia nchi ya kugusa.

Novemba, na zile wiki mbili za Desemba

Novemba hatari hushuka sana, ingawa haiishi. Lenny ya Novemba 1999 ilitoka magharibi kwenda mashariki, kinyume cha kawaida, ikapiga fukwe za upande wa pili ambazo hazikuzoea mawimbi. Eta na Iota ziliipiga Nikaragua mwezi huohuo mwaka 2020, zikifuatana kwa wiki mbili hivi. Hata hivyo, wiki zinazotangulia Thanksgiving, sikukuu ya Marekani ya mwishoni mwa Novemba, ndizo nzuri kuliko zote za majira haya: watoto wako shule, meli haijasongamana, na bei haijapanda. Wiki ya Thanksgiving yenyewe ni bei ya sikukuu na foleni za sikukuu.

Kisha inakuja nafasi wengi wanayoiruka, kati ya Thanksgiving na katikati ya Desemba. Msimu wa vimbunga umefungwa, meli zimeshapambwa kwa Krismasi, na bei bado iko karibu na ya Novemba kwa sababu watu wanahifadhi pesa za sikukuu. Kati ya wiki hizo na Septemba, tofauti ya bei ikiwa ndogo, sioni sababu ya kuchagua Septemba. Tofauti ikiwa kubwa, na kundi lenu ni la watu wanaokwenda kukaa pamoja tu, Septemba ina haki yake.

Januari hadi Aprili ni kiangazi cha Karibi na bei ya juu. Mlipie mtu mwenye ndoto ya maisha ya kisiwa fulani, si kundi linalotaka kupumzika. Wala msidhani kila kitu hunyooka: wakati huo Galveston hupata ukungu mzito, na meli zinaweza kukwama nje saa nyingi zikisubiri mfereji ufunguliwe.

Ndugu wa kundi moja wakiniuliza leo, ningewaambia wachukue wiki ya pili ya Novemba, njia ya mashariki, kutoka Fort Lauderdale, wafike siku moja kabla ya meli kuondoka.

Pesa na bima

Malipo ya mwisho ya tiketi hudaiwa takriban siku 75 hadi 90 kabla ya safari. Utabiri wa dhoruba unaona siku 7. Maana yake safari ya Septemba unaimalizia Juni, wakati hakuna anayejua lolote, na ukiogopa wiki ya mwisho pesa imeshakwenda. Kinachofunika pengo hilo ni bima tu, na bima ina tarehe zake.

Bima ya kawaida inunuliwe kabla dhoruba haijapewa jina. Ikishapewa jina ni jambo linalojulikana, na utakachonunua baada ya hapo hakitalipia dhoruba hiyo. Bima ya kawaida pia hailipi hofu: kampuni ikisema meli inaondoka na wewe umeamua kubaki nyumbani, hupati kitu. Anayetaka uhuru huo hununua ile ya kughairi kwa sababu yoyote. Ni ghali zaidi, mara nyingi hurudisha asilimia 50 hadi 75, hutakiwa kununuliwa ndani ya wiki mbili au tatu tangu kulipa kianzio, na kughairi kwenyewe kufanyike angalau saa 48 kabla ya kuondoka. Kwa safari ya Septemba au Oktoba naiona ina thamani. Kwa Desemba, ya kawaida inatosha.

Kampuni yenyewe ikifuta safari, au ikichelewesha kuondoka kwa siku 3 au zaidi na wewe hutaki mbadala, kanuni ya Marekani iliyoanza 2022 inakupa haki ya kurudishiwa pesa zako. Tiketi ya ndege haimo humo. Na kwenye hesabu ongeza bahshishi ya wafanyakazi, ambayo kwenye meli nyingi za kawaida ni kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Bei ya tangazo haiionyeshi.

Hati, hasa kwetu sisi

Raia wa Marekani anayeondoka na kurudi bandari ileile anaruhusiwa kusafiri na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Kwa miezi ya vimbunga, msikilize mwenye kukutakia mema: beba pasipoti. Ukiachwa nchi nyingine na ikabidi urudi kwa ndege, cheti cha kuzaliwa hakitakupandisha.

Mwenye grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, abebe kadi hiyo pamoja na pasipoti ya nchi yake, Tanzania, Kenya, Kongo, popote. Asitazame viza za bandari zilizoandikwa kwenye tiketi peke yake, aangalie na zile zinazoweza kuwekwa badala yake: Bahamas, Meksiko, Jamaika. Mama aliyekuja kutembea ahakikishe viza yake ni ya kuingia mara nyingi na bado iko hai siku ya kurudi, kwa kuwa kushuka melini Miami ni kuingia Marekani upya, na afisa wa uhamiaji atamhoji kama alivyohojiwa uwanja wa ndege.

Mkimbizi aliyekwisha kubaliwa anahitaji hati maalumu ya kusafiria ya wakimbizi, na inafaa aiulize kampuni ya meli kwa maandishi kama inaikubali kwa njia hiyo kabla ya kulipa kianzio. Na ndugu ambaye ombi lake la hifadhi bado halijaamuliwa asipande meli yoyote inayogusa nchi nyingine bila kupata kwanza kibali cha kutoka na kurudi. Akitoka bila hicho, anaweza kuhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Aongee na wakili wake kwanza, hata kama kundi zima limeshalipa na chumba kimebaki kimoja.